Hesabu ya Baba Kwenye Daraja la Kisumu

Tangu nirudi, kila anayepita karakana yangu hapa Gatina ananiuliza: mzee, ulienda kufanya nini Kisumu na suti? Nimeeleza mpaka nimechoka, na nyinyi mna tabia ya kumkatiza mtu kabla hajafika mahali pake. Kwa hivyo nimeandika. Shule niliachia darasa la tatu, hiyo si siri, lakini kalamu ni kama msumeno wa chuma, haitaki tu uharakishe. Mkimaliza kusoma mpeane.

Jambo lililonipeleka ni hili. Achieng', mke wa mwanangu, alijifungua mtoto wa kiume, na mtoto akawa analia kila jioni. Sisi watu wa ziwa tunajua mtoto wa kulia hivyo anatafuta jina. Unamtajia wazee waliokufa, mmoja baada ya mwingine, na yule ambaye akitajwa mtoto ananyamaza, huyo ndiye mwenye jina. Achieng' alitaja watu wa kwetu wote mpaka akafika kwa baba yangu mzazi, Agola. Anasema mtoto alinyamaza pale pale. Mimi nikasema jina hilo halitaitwa ndani ya nyumba yangu. Basi mtoto akaingia mwezi wa pili akiwa na jina la kanisa tu, na Achieng' akawa ananipa salamu na chakula, maneno mengine hakuna.

Sababu wengi wenu hamuijui. Baba alikuwa mtu wa reli gatini Kisumu, kwenye lile daraja ambalo mabehewa hupitia kuingia melini. Behewa likaanguka ziwani mikononi mwake, akafutwa kazi. Watoto wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, walinifuata hadi shuleni wakiimba kwamba baba yangu alilewa akalinywesha behewa maji. Tukahamia Kibera na godoro moja, mimi nikaacha shule. Mikokoteni mnayoona Kawangware ikibeba maji na viazi, mingi imetoka mikononi mwangu, na hii ploti ya ghorofa nimeijenga bila kupewa na mtu. Baba nilimuuliza mara moja tu ilikuwaje. Alisema, "Hesabu ilinishinda." Nikaona huo ni ulevi unajitetea. Alipokufa nilimzika inavyopaswa, na jina lake nikaliacha kwenye kitambulisho. Hapa naitwa Fundi Daudi, basi.

Lakini kumnyima mtoto jina si jambo dogo. Nikataka kujua, kabla sijakataa mara ya mwisho: alikuwa amelewa au hakuwa?

Gatina hadi Makina, kwa miguu

Niliondoka Ijumaa baada ya chai ya saa nne. Nilivaa suti yangu nyeusi, ile ya harusi ya mwanangu, kwa sababu sitaki mtu wa Kisumu aseme watoto wa Agola waliharibika. Nikakata Ngong Road kwa miguu nikashuka mpaka Makina, Kibera, kwa rafiki yangu Ramadhan.

Ramadhan ni Mnubi, wengi wenu mnamjua, ana nyumba za kupangisha karibu na msikiti. Babu yake alikuwa askari aliyeletwa hapa kutoka Sudan na Waingereza. Tumekuwa tukitaniana miaka arobaini.

"Umevaa kama mtu wa kuuza bima," aliniambia.

"Na wewe kanzu yako imefuliwa lini?"

"Keti ule. Babu yangu alifika hapa na bunduki, wewe ulifika na godoro. Hakuna siku umenizidi."

Mke wake alinifungia gurasa, ule mkate wao mwepesi, na mchuzi kwenye kikopo. Ramadhan ndiye aliyenianzisha safari hii, maana yeye ndiye aliyegundua kwamba shemeji yake, Mzee Juma, anayekaa Kibos karibu na Kisumu, alikuwa kibarua gatini enzi za baba yangu. Alimpigia simu mbele yangu wiki iliyotangulia. Mzee Juma alikiri alikuwapo siku ya behewa, lakini hakutaka kueleza zaidi.

"Na bado amekataa kusema?" nilimuuliza Ramadhan.

"Amekataa. Anasema habari ya Agola haiwezi kuingia kwa simu. Anasema mwana wake aje mwenyewe, na aje akiwa ameshiba."

Tulitembea pamoja kando ya reli. Mnajua ilivyo pale, mama wa nyanya na mama wa viatu vya mitumba wamepanga mali mpaka kwenye mataruma, wakisikia mlio wanavuta gunia, treni inapita, wanarudisha. Ramadhan aliniambia kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. Alisema watu wao waliwekwa Kibera, na wengine wakawekwa Kibos, na reli hii hii moja inapita pote pawili. "Hata mtu akifa huku," alisema, "wa Kibos walikuwa wanajua kabla ya barua. Mtu wa reli alishuka nayo mdomoni." Nairobi yenyewe ilikuwa kambi tu ya mafundi wa reli iliyokuwa ikienda ziwani. Kambi ikanona, ikasahau ilikotoka.

Mjini, halafu Kibera tena

Sasa cheka kama unataka. Nilitoka Kibera nikaenda mjini, nikakaa stesheni mpaka miguu ikafa ganzi, na treni ilipoondoka jioni, ikanirudisha moja kwa moja hadi Kibera. Niliona mabati yale yale. Ramadhan alikuwa amesimama kando ya reli na kanzu yake, anapunga mkono kwa bidii, lakini anapungia behewa lililo nyuma yangu. Nilimwita, hakusikia. Kuna mgeni fulani kule nyuma alipungiwa safari njema ambayo haikuwa yake.

Mbele yangu alikaa mwanamke wa Soweto East, huko huko Kibera, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, Mama Auma. Alikuwa anaenda kwa dada yake Muhoroni. Alinitazama suti, akatazama mkoba wangu mdogo, akashusha sauti.

"Pole sana, baba."

"Pole ya nini?"

"Ni nani amelala?"

Hapo ndipo nilielewa. Mjaluo mzee, Ijumaa jioni, suti nyeusi, treni ya Kisumu. Nani atafikiri mtu kama huyo haendi matanga?

"Siendi kuzika mtu, mama."

"Sawa, baba. Wengine huwa hawataki kuongea mapema."

"Nimesema hakuna mtu amekufa."

"Ndiyo," akasema, akaniwekea mkono kwa goti. "Ndiyo, baba."

Kabla hatujafika Kikuyu behewa zima lilijua nimefiwa. Kijana mmoja mwenye nywele za kusokota aliinuka akanipa kiti cha dirishani. "Mzee, jikaze," akasema. "Hata sisi tuko na wewe, form ni kuvumilia." Mwingine akaleta soda. Kisha Mama Auma akasema tumwombee marehemu, na akaniuliza tumtaje kwa jina gani.

Nilitaka kukasirika, na nyinyi mnajua nikikasirika. Lakini watu walikuwa wameshainamisha vichwa. Nikasema, "Mwite mzee tu." Basi wakamwombea mzee, asiye na jina, kwa dakika nyingi, kwa Kijaluo na Kiluhya na Kiswahili, wakimshukuru Mungu kwa kazi njema aliyofanya duniani. Mimi nilitazama dirisha. Kazi gani, nilijiuliza moyoni.

Baada ya amina Mama Auma alitoa mayai ya kuchemsha na chumvi kwenye karatasi, mimi nikatoa gurasa. Alimega, akatafuna polepole. "Hii ni chapati imesoma," akasema. Tukala vizuri.

Londiani, treni ikisimama

Usiku sina cha kuwaambia, nililala. Niliamka kumekucha na baridi ya kukata masikio, na treni imesimama. Mvua ilikuwa imeshusha udongo kwenye reli mbele yetu, mbele ya daraja, huko chini ya Londiani. Watu wa reli walikuwa na makoleo wanachimba. Wakasema nusu saa. Ilichukua karibu masaa matatu.

Wanawake wa vijiji vya karibu walitokea na birika za chai na viazi vya kuchemsha kana kwamba walikuwa wamealikwa. Nilinunua viazi, nikashuka, nikaenda kutazama daraja.

Nisikilizeni hapa nyinyi mnaochomelea mageti mkajiita mafundi. Lile daraja linapita juu ya bonde refu, miguu yake ya chuma imesimama chini kule kwenye miti kama twiga wanaokunywa maji. Na hakuna kuchomelea hata mahali pamoja. Kila chuma kimeshikwa kwa ribiti, ile misumari minene ya chuma, moja baada ya nyingine, maelfu yake, zilizopigwa zikiwa nyekundu na watu wa kuning'inia kwa kamba. Wahindi walioletwa, na watu wa huku waliobeba. Majina yao hayako popote. Daraja liko. Madaraja kama hayo yako mengi kutoka juu ya Mau kushuka mpaka Muhoroni, na treni inapita yote kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Nilitoa ufunguo wangu mfukoni nikagonga ribiti za karibu, moja moja, nikitega sikio. Ndivyo ninavyopima ekseli ya mkokoteni. Chuma kilichoshika kinalia, kilicholegea kinakohoa.

"Mzee, unagonga nini hapo?" Alikuwa nyapara wa wale wachimbaji, matope hadi magotini.

"Nasikiliza."

"Unasikia nini?"

"Hizi sita nzuri. Hii ya saba inakohoa."

Alikuja akainama, akagonga mwenyewe kwa nyundo yake. Akanitazama tena, suti na kila kitu. "Ya saba tumeshaiandika, inabadilishwa," akasema. "Wewe ni wa reli?"

"Hapana. Baba yangu alikuwa wa reli."

"Basi wewe ni wa reli," akasema, akarudi kwa koleo lake.

Niliporudi kwenye kiti changu nilikaa wima.

Mama Auma alishuka Muhoroni, kwenye miwa. Alinishika mkono kwa mikono miwili. "Baba, wasiwakimbize kuzika. Pumzikeni kwanza."

Nikamwambia asante. Nilikuwa nimechoka kukana.

Kibos, nyumbani kwa Mzee Juma

Treni ilisimama Kibos jua likiwa utosini. Mzee Juma alikuwa ameketi kwenye benchi ya stesheni tangu asubuhi, kofia ya kufumwa kichwani, fimbo katikati ya magoti. Ni mwembamba, sauti yake nyembamba pia. Aliinuka akanizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Wuod Agola," akasema. Maana yake mwana wa Agola. Kijaluo anakisema vizuri kuliko watoto wangu. "Masikio ni yake."

"Mzee, nimekuja kuuliza jambo moja tu."

"Najua. Umekula?"

"Nimekula viazi."

"Hicho si chakula."

Nyumbani kwake mkewe alituletea ngege wawili wa mchuzi, na ugali wa mtama. Nilinawa. Nilikula upande mmoja wa samaki, nikashindwa kuvumilia.

"Alikuwa amelewa?"

"Geuza samaki. Upande wa pili ndio mtamu."

"Mzee, nimetoka Nairobi."

"Na samaki ametoka ziwani. Kula."

Nikala. Mimi sijazoea kuamrishwa, miaka mingi sasa mimi ndiye ninayeamrisha, lakini kwa huyu mzee nilikuwa kama niko landi tena. Tulipomaliza alinawa, akaita tuktuk. "Twende gatini," akasema. "Kama hujaona daraja nitasema maneno yawe maneno tu."

Gatini Kisumu

Askari wa lango alikuwa mwanamke, na aliponiona na suti alisimama wima akasema, "Karibu, mkubwa. Hatukuambiwa kuna ukaguzi leo."

"Si mkubwa," Mzee Juma akamwambia. "Ni mtoto wa mtu aliyefanya kazi hapa."

Akacheka kwa kujionea aibu, akaturuhusu tuketi ndani kwenye mataruma ya zamani. Huwa anawaacha wazee wastaafu wakae pale wakitazama. Na siku hiyo tulibahatika. Meli ilikuwa inaingia.

Nitawaeleza daraja lenyewe, maana hamjaliona na mtafikiri naongeza. Ni kipande cha reli juu ya boriti nene za chuma. Upande wa nchi kavu limeshikwa kwa bawaba, kama mlango uliolazwa chini. Upande wa ziwa linaning'inia kwa kamba za waya kutoka kwenye nguzo ndefu, na kuna vizito vya chuma vya kulisaidia ili lisiwe mzigo kwa mashine. Kwa nini linapanda na kushuka? Kwa sababu ziwa halikai mahali pamoja. Mvua zikizidi linajaa, kiangazi linarudi. Na meli yenyewe, kila behewa likiingia, inazama kidogo, na daraja linaifuata.

Meli ilirudi kinyumenyume, nyuma yake pako wazi. Daraja likashuka taratibu, bila kelele, mpaka ncha yake ikakaa kwenye meli, reli ikakutana na reli. Nilipiga magoti nikachungulia. Mwanya ulikuwa mdogo hata kidole changu kisingeingia. Nimefanya kazi ya chuma tangu nikiwa na miaka kumi na mbili, na sijawahi kutengeneza kitu kizito hivyo ambacho kinakwenda kwa upole hivyo. Nasema ukweli wangu, niliona wivu.

Mabehewa yalikuwa ya mafuta, marefu na mviringo. Injini haikanyagi daraja, ni nzito mno. Kati yake na mzigo wanafunga mabehewa matupu ya bapa, hayo ndiyo yanaingia darajani yakisukuma, injini ikibaki nchi kavu. Mdomoni mwa daraja, kwenye mstari wa njano, alisimama msichana na kofia ya kazi, bendera mkono mmoja, redio mkono mwingine. Behewa la kwanza likaja. "Kushoto," akasema kwenye redio. Meli ikalalia kushoto kidogo. Behewa la pili. "Kulia." Meli ikasimama sawa.

"Umeona?" Mzee Juma akaniuliza.

Niliona. Mtu wa mkokoteni haambiwi mara mbili. Gunia upande huu, gunia upande ule, ama sivyo unabeba barabara.

"Pale aliposimama huyo binti ndipo baba yako alisimama. Hakukuwa na redio. Bendera na mdomo. Hesabu yote ilikuwa kichwani mwake."

"Na siku hiyo kichwa kilikuwa na pombe."

"Nani amekuambia?"

"Landi nzima."

"Landi nzima haikuwa hapa. Mimi nilikuwa hapa, nimeshika kabari. Hakuwa amelewa."

Wenzangu, sijui niwaambieje. Kifua kilifunguka. Nikasema, "Basi hakukosea. Walimsingizia."

Mzee Juma akatikisa kichwa. "Usikimbie. Alikosea. Alituma kushoto, na lililofuata akalituma kushoto tena. Mabehewa ya saruji, yamejaa."

"Kwa nini?"

"Hesabu ilimtoroka. Alikuwa amehesabu siku zote tangu daraja liwekwe, siku moja ikamtoroka. Wewe haijawahi kukutoroka?"

Aliendelea kwa sauti ile nyembamba, macho yakiwa kwa msichana wa bendera. Meli ililala ubavu, daraja likajipinda, behewa la pili likaacha reli na kuingia kati ya meli na gati. Hakuna aliyekufa. Maji yalirukia watu wote. Kisha akaja bwana mkubwa wa gati wa wakati huo, akatazama nani yuko karibu. Waliokuwa karibu ni vibarua wanne, miguu mitupu, Juma mmoja wao, wenye kazi ya kuweka kabari chini ya magurudumu. Akasema hawa hawakuweka kabari, behewa likatoroka. Akatuma mtu aite polisi.

"Kabari tulikuwa tumeweka," Mzee Juma alisema. "Lakini zilikuwa ziwani na behewa. Utaonyesha nini? Na hesabu hakuna aliyeiona, ilikuwa kichwani mwa Agola. Alikuwa mtu wa mshahara, ana nyumba, ana watoto. Angenyamaza tu, sisi tungelala ndani."

"Akafanya nini?"

"Alivua kofia. Akasema, hawa vijana wameweka kabari, hesabu ni yangu, imenishinda. Bwana mkubwa akamwambia nenda kando, hujui unachosema. Akasema tena. Alisema mara tatu. Ya tatu ndiyo waliandika."

Msichana wa bendera akasema kulia, behewa likapita mbele yetu, mataruma tuliyokalia yakatetemeka.

"Na ulevi ulitoka wapi?" nikauliza.

"Ulitoka huko landi, jioni. Watu hawakuelewa. Mtu mzima ajishtaki mwenyewe, na hakuna aliyemshika? Wakasema huyo lazima alikuwa amelewa."

Sitawadanganya kwamba nilifurahi. Kitu cha kwanza nilichosema kilikuwa kibaya: "Kwa hivyo aliwachagua nyinyi, akatutupa sisi."

Mzee Juma hakukasirika. "Siku hiyo mimi nilirudi kwa mama yangu," akasema. "Nyinyi mlifunga mizigo. Nimelijua hilo maisha yangu yote. Ndiyo maana nilikataa simu."

Baadaye baba alikunywa, huko Kibera, nilimwona kwa macho yangu, na hapo simtetei. Lakini ilikuwa baadaye. Mimi nilichukua pombe ya baadaye nikaisukuma nyuma hadi siku ya behewa. Na nikiwa pale nilijihesabu na mimi. Kwa miaka yangu yote karakanani, mkokoteni wangu ukivunjika nimesema aliyeununua ameupakia vibaya. Wote. Kuna waliopakia vibaya, kweli. Lakini si wote, na mnajua, na mimi najua, na hakuna siku nimevua kofia.

Nikampigia Achieng'. Nilisikia mtoto akilia nyuma yake.

"Baba, umefika salama?"

"Nimefika. Hakuwa amelewa."

"Nani?"

"Babu ya mume wako. Behewa aliangusha yeye, kwa kosa lake, na akasema ni lake, watu wengine wasifungwe. Mimi ndiye sikujua. Nimekosea, Achieng'. Mtoto nimemnyima jina bure."

Nadhani kwanza aliangalia kama hiyo ni namba yangu kweli.

"Kwa hivyo tumwite?" akauliza.

"Mwite."

"Hapana, baba. Mwenye alikataa ni wewe. Mwite wewe. Nimemwekea simu sikioni."

Nikasimama. Mzee Juma naye akasimama, akaegemea fimbo. Nikasema, "Agola." Mtoto akaendelea kulia. Mzee Juma akaniambia niongeze sauti, simu za siku hizi hazisikii. Nikaita tena mpaka msichana wa bendera akageuka kututazama, "Agola. Agola, ni babu yako." Mtoto akalia zaidi.

Achieng' akarudi kwenye simu akicheka, na sikuwa nimesikia kicheko chake tangu ajifungue. "Ana njaa tu, baba," akasema. "Ngoja anyonye."

Nilimwambia amnyonyeshe kwanza. Nilipiga tena mara nne kabla jua halijazama, na kila mara nilimwita mwenyewe.